Kibendera cha Kabiru

Shati lilikuwa moja, jeusi, lenye kola na mifuko miwili kifuani, na watu wawili walilivuta kwa pamoja. Jumamosi hiyo soko la mitumba la Nakuru lilikuwa limefurika. Wauzaji walikuwa wamepanda juu ya marundo ya nguo wakiita wateja, na hakuna aliyewajali hao wawili.

"Boss, hilo nimeliona kwanza," alisema msichana. Alivaa jinzi iliyopauka na raba nyeupe, nywele zimesukwa mistari hadi kisogoni.

"Wewe umeliona, mimi nimelishika," kijana alijibu. "Na nina haraka. Naanza kusomea urefa leo, tumeambiwa tuje na shati jeusi."

Msichana akaliachia, akacheka mpaka muuzaji akageuka. "Kwani uko kwa darasa la Ogada? Hata mimi!"

Kijana aliitwa Kabiru, fundi wa stima, mzaliwa wa Subukia aliyepanga chumba mtaa wa Section 58. Msichana alikuwa Namalwa wa Kaptembwo, keshia katika duka la vifaa vya ujenzi. Kabiru alilinunua shati akamkabidhi.

"Vaa wewe. Mimi nitakuja na lile la kwaya."

Mwalimu Ogada, refa mstaafu mwenye kitambi na sauti ya chini, alifundisha kwa kuuliza. "Mpira umemgonga beki mkononi ndani ya boksi. Ni penalti?" Darasa zima likasema ndiyo. "Mkono ulikuwa wapi? Aliunyoosha, ama ulikuwa umebana mwilini?" Baada ya sheria wakajifunza yasiyoandikwa: kusimama mahali unapoona miguu, kutompigia filimbi mchezaji aliyeanguka kabla hujajua nani amemwangusha. Filimbi ya Namalwa mwanzoni ilitoa kisauti chembamba.

"Hiyo ni filimbi ama unaita vifaranga?" Kabiru alimtania.

"Ngoja nikuonyeshe kadi nyekundu, ndio utajua."

Jioni walipigiana simu kuulizana maswali.

"Babe, kipa amedaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake."

"Fri-kiki isiyo ya moja kwa moja. Na mimi, umenimiss?"

"Hilo sasa ni swali la moja kwa moja," alisema Namalwa, na hakulijibu, lakini Kabiru alilala akitabasamu.

Kisha Ogada akawapa mechi: timu ya mjini ikiitembelea timu ya Subukia. Namalwa angeshika filimbi, Kabiru kibendera. Ogada hakujua Kabiru ni wa wapi, na Kabiru hakumwambia, kwa sababu angeondolewa kwenye mechi ya kwao, naye alitaka mama yake amwone uwanjani. Namalwa alijua, naye akanyamaza.

Walikuwa sare, mechi ikielekea kuisha, wakati mpira mrefu ulipomfikia beki namba tano wa Subukia. Hakuna aliyemsonga. Alitaka kuupiga mbali, akaupiga vibaya, ukamwendea mshambuliaji wa mjini aliyesimama peke yake nyuma yake. Goli. Kabiru aliinua kibendera: ameotea! Wanasubukia wakashangilia. Namalwa alimtazama, akampungia mkono akishushe, akaonyesha katikati ya uwanja. Goli lilihesabiwa, na Subukia wakafungwa nyumbani.

Baada ya matusi ya mashabiki kupoa, Kabiru alimngoja kando ya uwanja.

"Si ungekuja tuongee kwanza?"

"Nilikuwa na uhakika, Kabiru."

"Umenishusha mbele ya watu wa kwetu. Ulidhani nawabeba, si ndiyo?"

Namalwa alikawia kujibu. Kabiru aliona hiyo imetosha. Alikunja kibendera, akaondoka.

Wiki ile na iliyofuata simu ya Kabiru iliita bila kupokelewa, kisha ikazimwa kabisa. Darasani kiti chake kilibaki wazi. Mwenye nyumba Section 58 alisema amerudi kwao. Siku yake ya mapumziko Namalwa alivaa sketi ndefu ya buluu na sweta, akaenda Subukia.

Mama yake Kabiru, Nyakio, alikuwa akichambua mahindi uani. Alimpima kwa macho.

"Wewe ndiye yule msichana wa filimbi?"

"Ndiye, mama."

"Watu wa mjini walisema kijana wangu ametubeba. Nikawauliza, kama alitubeba, mbona tulifungwa?" Akaonyesha kwa kidole cha gumba. "Yuko huko kwa ng'ombe."

Kabiru alikuwa amevaa gambuti, akikata majani ya nepia. Hakusalimia. Namalwa alibaki mlangoni pa zizi.

"Uliniuliza kitu nikanyamaza. Nimekuja kujibu. Ndiyo. Ulipoinua kibendera, nilifikiri unasaidia watu wa kwenu. Halafu nikakumbuka mguu wa namba tano. Aliupiga mwenyewe, hakuna aliyemsonga, kwa hivyo hakuna kuotea. Niliamua kwa sababu ya ule mguu. Lakini hilo wazo lilinijia, siwezi kusema halikunijia."

"Ungesema tu hapana. Ningekuamini."

"Najua. Na ningekuwa nimekudanganya."

Kabiru aliweka panga chini.

"Huo mguu mimi sikuuona," alisema polepole. "Wachezaji walinizibia. Niliona mtu yuko peke yake, nikainua. Sasa kila siku najiuliza, kama goli lingekuwa letu, ningeinua? Sijui, Namalwa. Hiyo ndiyo imenizuia kurudi."

"Twende tumwambie Ogada kwenu ni huku. Wote wawili tulimficha."

Walienda. Ogada hakupaza sauti. Aliwanyima mechi zote hadi msimu ukaisha, akawaacha waje tu kusoma na kukimbia. Hilo liliwauma kuliko matusi ya Subukia, lakini hawakukosa hata siku moja, na mtihani wa mbio ulipofika walimaliza pamoja, wakajitupa kwenye nyasi.

"Namalwa, nataka kukuoa."

"Umeishiwa na pumzi. Hujui unachosema."

Kabiru alingoja kifua kitulie, akakaa kitako. "Nimeshapumua. Nataka kukuoa."

"Ogada hatatupanga mechi moja tena. Hawezi kuweka bwana na bibi."

"Najua."

"Na wewe ndiye mshika kibendera ninayemtaka."

"Basi chagua."

Namalwa alisimama, akampa mkono kumwinua. "Nimechagua," alisema. "Nenda ukaongee na baba."

Walioana Desemba. Siku hizi Jumamosi hupanda magari tofauti, mmoja kuelekea Njoro, mwingine Gilgil. Mechi zikiisha, anayetangulia kuvua viatu humpigia mwenzake.

"Hello, mpenzi. Leo umekosea wapi?"

Na mwenzake humwambia.