Siga ya Pili ya Odilon

Futa hilo tabasamu. Ukitaka kucheka, kachekee nje na kuku, maana mimi sikuombi uniamini. Nakuomba unyamaze mpaka nimalize. Nyinyi mliosoma mpaka macho yakachoka mnadhani jini anakaa kwenye magofu, anangoja usiku wa manane ndipo atoke. Nani aliwadanganya? Huyu aliyemwingia shemeji yangu alikuja Jumapili, saa kumi alasiri, jua likiwa dirishani, akakaa kitini kama mtu aliyealikwa. Na kualikwa alialikwa.

Odilon ni mume wa mdogo wangu Zulma. Kazi yake ni kupika bia kwenye zizi la zamani la baba yake, nyuma ya nyumba, huku kwetu Kempen. Anapika aina moja tu, ya rangi ya kaharabu, na watu walikuwa wakivuka mpaka kutoka Uholanzi kuifuata. Kila Jumapili alikaa kwenye chumba cha vioo kinachotazama bustani, akafungua chupa moja, akaimimina taratibu kwenye bilauri yenye mguu, akayaacha mashapo ya hamira ndani ya chupa kama tufanyavyo sote, kisha akawasha siga. Sisemi sigara hizi za kuvuta ukingoja basi. Nasema siga, jani la tumbaku juu ya jani, nene kama kidole gumba. Funda moja la bia, pafu moja la moshi. Alikuwa akisema moshi unaamsha utamu wa bia na bia inaosha ukali wa moshi, eti hao wawili ni mke na mume wasiogombana.

"Basi kalale nao," Zulma alikuwa akimjibu.

Halafu, majira ya baridi ya mwaka juzi, homa ilimshika. Ikamwachia uhai, ikamnyang'anya pua, na pua ikienda ulimi hauna kazi. Mpika bia asiyeonja! Akawa anapika kwa kukumbuka. Wateja walikunywa, wakatazamana, wakaacha kuja. Jumapili bado alikaa na chupa yake na siga yake, akinywa maji ya rangi na kuvuta mvuke, kama mjane anayemtandikia marehemu kitanda.

Mwaka jana, Jumatatu moja ya Oktoba, Zulma alipokwenda kumwaga majivu alikuta vipande viwili vya siga.

"Odilon, umeanza kuvuta mbili?"

"Moja."

"Na hiki?"

Odilon alikitazama. Ncha yake ilikuwa imetafunwa na meno madogo, mengi, yaliyobanana kama ya msumeno.

"Panya," akasema.

"Panya gani anavuta siga?"

"Wa Kempen. Hapa kila mtu anavuta."

Wakacheka. Jumatano yake Zulma alikuwa jikoni, kampa mgongo, Odilon akasema, "Mke wangu, siagi inaungua." Zulma akageuka. Siagi ilikuwa inaungua kweli, na Odilon alikuwa ameinua uso, pua zimemtanuka kama za farasi, machozi yanamtoka. Zulma akamkumbatia na mwiko mkononi. Nani asingefurahi? Lakini nitasema kosa la mdogo wangu hata kama atanichukia: kuanzia siku hiyo aliosha bilauri mbili kila Jumatatu, na hakuuliza.

Bia ikarudi kuwa bia, ikapita hata ile ya zamani. Waholanzi wakarudi. Ila Odilon alianza kusimama kwenye ngazi kutafuta pumzi, kwanza ngazi ya tano, baadaye ya pili. Gunia la shayiri alilokuwa akilibeba akipiga mluzi, sasa alilikalia na kuhema. Daktari alimpiga picha ya kifua, akasema mapafu ni safi kama ya kijana, sema yanapumua kama ya mzee wa miaka tisini. Odilon ana sitini na mitatu. Padri naye aliitwa, akanyunyiza maji, akasifu bia, akaondoka na chupa mbili kwapani. Na Jumapili, Zulma akiwa jikoni, alikuwa akisikia kupitia mlangoni watu wawili wakishusha pumzi: mmoja pumzi fupi, inayokwama, mwingine ndefu mno, kama upepo unaotafuta tundu. Chini ya harufu ya tumbaku kulikuwa na harufu nyingine, ya shimo lililofunuliwa baada ya miaka.

Ndipo akanipigia simu, anaongea kama anayemlaza mtoto.

"Dada, njoo. Fika kabla ya saa kumi."

"Kuna nini?"

"Siwezi kusema. Anasikia."

"Odilon?"

"Si Odilon, dada."

Kwa nini mimi? Kwa sababu niliacha shule darasa la sita nikaenda kiwandani kuviringisha siga, nikaviringisha miaka thelathini na mmoja, nikiwa katikati ya wanawake waliojua mambo ambayo padri hayajui. Jambo la kwanza walilonifundisha lilikuwa hili: mtu akikuomba moto mpe kiberiti. Usimwashie kwa siga iliyokwisha kukaa mdomoni mwako, hasa mtu usiyemjua, kwa kuwa moto ule umekwisha kula pumzi yako na umejua njia.

Nilifika saa kumi kasorobo. Zulma alikuwa amesimama jikoni, mikono chini ya aproni. Nikafungua mlango wa chumba cha vioo.

Odilon alikuwa amekonda hadi shati limemkimbia. Mbele yake bilauri, na ng'ambo ya meza bilauri nyingine, mbele ya kiti kitupu. Kwenye kisahani siga mbili zimelala ncha kwa ncha.

"Shemeji Irma," akasema, "karibu. Kaa, ila si hapo."

Sikukaa. Unajua bia nzuri ikinywewa, povu huacha pete kwenye kioo, pete moja kila funda. Bilauri ya ng'ambo haikuguswa na mkono wowote, nami nikaiangalia bia ikishuka, taratibu, ikaacha pete. Ikashuka tena, ikaacha pete ya pili. Na baada ya pete ya pili ile siga isiyo na mwenyewe ikawaka nyekundu ncha yake, ikakolea kama jicho linalofunguka, na kadiri ilivyokolea ndivyo kifua cha Odilon kilivyobonyea ndani, kikabonyea mpaka nikaona mbavu kupitia shati, kisha ikafifia, na moshi ukatoka palepale ambapo mdomo ungekuwa, na ndipo shemeji yangu akapata nafasi ya kuvuta hewa.

"Ulimpa moto," nikanong'ona.

"Nilikuwa peke yangu. Nikasikia mtu ananiomba, kwa adabu kabisa. Kiberiti kilikuwa jikoni." Akahema. "Nikaweka siga ya pili mezani, nikaigusisha na yangu. Ustaarabu tu, shemeji."

"Ustaarabu umekufikisha hapa. Izime."

"Hujui unaniambia nini."

"Izime, Odilon!"

Hakusogea, kwa hiyo nikaichukua mimi. Ilikuwa baridi kama samaki. Nikaitumbukiza kwenye bilauri ya ng'ambo mpaka chini, bia ikaifunika, na pale chini ya bia, ndani ya ile kaharabu, ikawaka. Haikuchemka, haikutoa hata kiputo. Ikawaka na kufifia, ikawaka na kufifia, na Odilon akashika koo. Kwenye kile kiti kitupu kukatoka sauti, kicheko kidogo cha puani, kama cha mtu mzima anayemwona mtoto akijaribu kufunga viatu. Nikaichopoa, nikairudisha kwenye kisahani. Ilikuwa kavu.

"Aliyempa moto ndiye anayeuzima," nikamwambia. "Ichovye wewe. Ukiichovya itakufa."

"Na hii?" Akanyanyua bilauri yake. Uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa wa bwana harusi. "Mkate uliotoka tanuri. Sukari imeungua kidogo, ganda la chungwa. Halafu navuta, inakuja lozi na mwerezi, na ngozi ya aproni ya baba yangu. Nikiizima haya yote yanakwenda, Irma. Amekwisha kuniambia. Nitakula majivu mpaka nife."

"Usipoizima hutafika Jumatano."

Zulma alikuwa ameingia, sikumsikia. Akapiga magoti kando ya kiti cha mumewe.

"Mume wangu, tafadhali. Mimi nitakuonjea. Kila pipa nitakuonjea, nitakwambia lina nini."

"Wewe unaijua bia gani, Zulma?" Alisema kwa upole, na kwa upole uleule akainamisha kichwa upande wa kiti kitupu, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Jua lilikuwa bado dirishani, kunguru wanatembea kwenye vitunguu bustanini. Kisha Odilon akafungua sanduku la siga, akatoa siga mpya, akakata ncha yake, akamwekea ndugu yangu wa damu, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, mdomoni.

"Anasema pumzi si lazima iwe ya mmoja," akasema. "Tukigawana itatosha miaka mingi. Vuta mara moja tu, mke wangu."

"Zulma," nikasema, "inuka, twende."

Hakuniangalia. Alimwangalia mumewe, zile mbavu, ile midomo ya bluu, na Odilon akaichukua ile siga ya mgeni akaigusisha na ya mkewe, na Zulma, ambaye miaka thelathini na minane alikuwa akifungua madirisha kwa ajili ya moshi, akavuta. Akakohoa mpaka akainama. Alipoinua uso alikuwa ananusa.

"Dada," akasema, kama anayeongea ndotoni, "mkate. Nasikia mkate."

Ile ya mgeni ikawaka. Safari hii vifua viwili vilibonyea kwa pamoja, na Odilon, kwa mara ya kwanza tangu niingie, alivuta hewa nzuri, ndefu, akapata rangi mashavuni, akamshika mkewe mkono. Zulma alikuwa amekishika kifua chake. Na ndani ya sanduku siga moja ilijisukuma, ikapanda ukingo, ikabingirika juu ya meza polepole, ikaja ikasimama mbele ya tumbo langu, na pumzi yenye harufu ya shimo ikaniambia sikioni, kwa adabu kabisa, kwamba watatu ni bora kuliko wawili.

Nikarudi nyuma, hatua kwa hatua, bila kuwapa mgongo. Nilimwita Zulma mara mbili. Mara ya tatu sikumwita, kwa kuwa nami nilianza kusikia harufu ya mkate.

Nikatoka, nikafunga mlango.