Shangazi wa Nyuma ya Ghala

Kila asubuhi Loisi aliteka maji, akamsaidia mama yake kutwanga uwele, kisha akajifunga kaniki yake vizuri, akachukua ngoma na kuteremka stesheni. Mwaka ule mvua ilikuwa imeisusa Ugogo. Dodoma ulikuwa bado mji mchanga, reli ya Wadachi ilikuwa imefika juzijuzi tu, na tayari nyuma ya ghala la mizigo palijaa watu waliolala juu ya ngozi, hawana pa kwenda. Walikuwa wametoka vijijini kuja kuhemea chakula, wakakuta mjini nako chakula ni cha kununua.

Mwalimu Sostenes wa shule ya misheni ndiye aliyewakusanya watoto. "Mali hatuna," aliwaambia, "lakini sauti tunazo, na mikono tunayo." Basi kila gari moshi lilipoingia, watoto waliimba. Abiria walirusha hela kutoka madirishani, na hela hizo zikanunua uwele wa kuwapikia uji wale wa nyuma ya ghala. Hakuna mtoto aliyetaka ujira.

Tuseme kweli, Loisi ndiye aliyewavuta watu. Alipoibana ngoma yake ya muheme mapajani, kama wanawake wa Kigogo wafanyavyo, na kuipiga, hata makarani walitoka nje kusikiliza. Sifa zikamlevya. Rafiki yake Kuluthumu, binti wa mwuza nguo, alipomwuliza ni nani aliyemfundisha, alijibu, "Nimejifunza mwenyewe tu." Uongo mtupu! Aliyemfundisha alikuwa shangazi yake, Mama Matonya, kijijini, kabla baba hajawahamishia mjini.

Siku moja, gari moshi lilipokwisha kuondoka, mwanamke mmoja alitoka nyuma ya ghala akijikokota. Alivaa ngozi ya mbuzi iliyochakaa, nywele zake zimepakwa udongo mwekundu, na mbavu zake zilihesabika. Alisimama mbele ya Loisi, uso ukang'aa.

"Mikono hiyo naijua," alisema. "Wewe si mtoto wa kaka yangu Sila? Nimewatafuta mji mzima, mwanangu!"

Watoto wa mjini wakacheka. Kuluthumu alijiziba pua kwa ncha ya kanga yake. "He! Loisi, huyu unamjua?"

Loisi alimjua. Angemjua hata gizani. Lakini aliiona ile ngozi, akayasikia yale macheko, na kinywa chake kikatangulia moyo wake.

"Simjui," alisema. "Amenifananisha."

Mama Matonya hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ni kweli, nimekufananisha," alisema taratibu. "Njaa huharibu macho." Akageuka, akarudi kwenye ngozi yake.

Jioni hiyo Loisi aliusogeza ugali pembeni. "Mbona huli?" mama yake, Dorkasi, alimwuliza. Loisi akasema ameshiba. Mama akashusha pumzi. "Na njaa hii, sijui wifi yangu yuko wapi. Baba yako akirudi kutoka kazini huko relini, atakaloniuliza kwanza ni habari za dada yake." Loisi aliinama, akaanza kukusanya vyombo. Neno moja tu lingetosha, na neno hilo hakulisema. Aliona haya kwa alichokifanya, akaona haya zaidi kukitamka.

Asubuhi, watoto walipokuwa wakigawa uji, askari alifika na amri. Mizigo mipya inakuja, watu waondoke ghalani leo hii. "Mwenye ndugu mjini amtaje, aje kumchukua," alisema. "Asiye na ndugu arudi alikotoka."

Kurudi alikotoka! Huko visima vilikuwa vimekauka na maghala ya nafaka yalikuwa matupu. Kila mtu alijua maana yake. Wengine wakaanza kutaja majina ya binamu na wakwe. Askari alimfikia Mama Matonya.

"Wewe mama, una ndugu hapa mjini?"

Mama Matonya hakumtazama Loisi hata kidogo. "Sina, bwana," alijibu, akaanza kukunja ngozi yake.

Loisi alikuwa ameshika kata ya uji. Ikamponyoka, uji ukamwagikia miguuni, wala hakusikia moto wake.

"Anaye!" alipaza sauti. Watu wote wakageuka. "Ana ndugu. Ni shangazi yangu, dada yake baba. Jana nilimkana kwa sababu niliogopa kuchekwa. Na ngoma hii ninayosifiwa, ni yeye aliyenifundisha."

Akapiga magoti mbele ya wote. "Mbukwa, shangazi," alimwamkia kwa Kigogo, machozi yakimchuruzika.

Mama Matonya alimaliza kwanza kukunja ngozi yake, akaitia kwapani. Loisi alidhani hatajibiwa kamwe, na alijua anastahili.

"Mbukwenyi," Mama Matonya alijibu mwishowe. "Nyumbani kwenu ni mbali? Miguu yangu imechoka."

Kuluthumu alisogea, amejiinamia. "Nisamehe, mama, nilicheka," alisema. Kisha akamnong'oneza Loisi, "Bibi yangu mzaa baba aliingia huku na msafara, pekupeku, mzigo kichwani. Ulidhani ningekuacha kwa ajili ya ngozi ya mbuzi?" Maneno hayo yalimchoma Loisi kuliko macheko ya jana.

Mwalimu Sostenes aliwasindikiza. Dorkasi alipomwona wifi yake mlangoni alilia, akamkumbatia, akamkalisha, akasonga ugali. Kisha Loisi akaungama yote, bila kuficha.

"Mwanangu," mama yake alisema, "kila siku umewapa wageni uji, na hilo ni jema. Lakini uji hutolewa na yeyote mwenye chungu. Kumwita mtu 'ndugu yangu' mbele za watu, hilo ni lako peke yako, na ndilo ulilomnyima. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Wema unaoona haya kwa watu wake haujakomaa."

Loisi alileta maji ya kunawa, akamshikia shangazi yake bakuli, macho yake chini.

"Inua uso," Mama Matonya alimwambia. "Nilikuja kuhemea chakula, sikuja kuhemea aibu yako."

Loisi akainua uso, na shangazi yake akamega tonge la kwanza, akampa yeye.