Gari la Taka Lisilofika Mferejini

Kila asubuhi kabla ya shule, Gwakisa alimsaidia mama yake kubeba ndizi na maparachichi kutoka nyumbani kwao Mlimani hadi kwenye genge lao Mferejini, upande wa chini wa Ilomba. Asubuhi hiyo baridi ya Mbeya ilikuwa kali, lakini harufu ya jalala lililo karibu na genge ilikuwa kali zaidi. Nzi walikuwa wameamka mapema kuliko wateja.

"Mwe! Wiki nyingine hii gari la taka halijapita," mama alisema. "Wateja wanaziba pua, wanapita zao. Ikiendelea hivi, genge nafunga."

Gwakisa alipanga ndizi bila kumtazama mama. Alijua gari lilikokuwa likienda.

Siku hizi ofisi ya mtaa ilipokea malalamiko kwa simu. Mtu alituma ujumbe akataja eneo lake, kompyuta ikahesabu, na gari likapelekwa kwenye eneo lenye malalamiko mengi. Kiwanja cha kuchezea mpira wa chandimu kule Mlimani kilipojaa taka, Gwakisa aliwafundisha wenzake ujanja. Kila mmoja atume ujumbe kwa simu ya nyumbani na kutaja Mlimani, hata kama anaishi kwingine. Gari likaja. Wenzake wakamwita Meya, naye akavimba kichwa. Wakaendelea kutuma ingawa kiwanja kilikuwa kimeshakuwa safi. Mferejini waliishi wazee wengi wasiojua kutuma ujumbe.

Siku hiyo, baada ya shule, alijaribu kurekebisha mambo kimyakimya. Alichukua simu ya mama akatuma ujumbe mmoja wa Mferejini. Wapi! Gari lilipanda Mlimani kama kawaida, likashuka tupu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jioni alimkuta mama akirudisha ndizi kwenye tenga, machozi yakimlenga.

"Kesho sifungui," mama alisema.

Gwakisa aliona aibu, akashindwa kuvumilia. "Mama, ni mimi niliyelizuia gari," alisema, kisha akaeleza yote.

Mama hakufoka. Alijifunga khanga vizuri, akamshika mkono, wakaenda mpaka ofisi ya mtaa.

"Shikamoo, Mama Mtendaji," Gwakisa alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kulikoni?" aliuliza Bi. Eveline, mtendaji wa mtaa.

Gwakisa alirudia maelezo yake. Bi. Eveline aliangalia kompyuta, akatikisa kichwa.

"Nami nina kosa," alisema. "Nilisoma hesabu hizi nikaziamini, sikutoka kwenda kuangalia. Kesho gari litakwenda Mferejini, nami nitakuwepo. Wewe na wenzako mtapita kwa wazee kila Jumamosi, muwasaidie kutuma ujumbe wao wenyewe. Ujumbe wa kweli tu!"

Kesho yake jalala liliondolewa. Mama alifungua genge, na Bi. Eveline akawa mteja wa kwanza. Alichagua ndizi, kisha akamgeukia Gwakisa.

"Kutaka kiwanja safi si kosa, mwanangu. Kosa ni uongo. Kompyuta inajua kuhesabu tu, ukiidanganya, inakusadiki. Anayeumia ni jirani yako, na safari hii jirani huyo alikuwa mama yako."

Gwakisa aliinamisha kichwa.

"Umesikia, Meya?" mama alisema huku akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Haya, sogeza hilo tenga, wateja wanakuja."