Miti Miwili ya Insaf

Kila asubuhi, Insaf alimwagia maji kibaraza cha nyumba yao mtaa wa Shubra, Kairo. Kisha alimpelekea mumewe, Wagih, sahani ya maharage na mkate. Wagih alikuwa fundi wa mapangaboi. Hakuwa na duka. Alifanya kazi nje, chini ya miti mitatu ya fikasi iliyopandwa na baba yake. Kivuli kile ndicho kilichokuwa duka lake.

Mwaka huo, majani machanga ya miti ile yalianza kujikunja. Vijidudu vyeusi vilidondoka na kuwawasha watu shingoni. Wateja wakaanza kusimama mbali.

Wagih alinunua dawa kali, akapuliza miti yote. Binti yao, Nihal, alikohoa usiku kucha. Majani yakazidi kujikunja.

Bwana Ramzi, mwenyekiti wa wapangaji wa jengo lao, aliyekuwa akimleta mtu kila wiki kupunguza matawi, akapata la kusema.

"Miti hii imeoza! Italeta maradhi. Ikatwe, tupate pa kuegesha magari."

"Tupate nani?" Insaf aliuliza. "Jengo zima gari ni moja tu, nalo ni lako!"

Siku moja Insaf alirudi kutoka sokoni, akakuta mti wa kwanza umelala chini. Msumeno wa mkata miti aliyeletwa na Ramzi ulikuwa umeanza kugusa wa pili. Wagih alikuwa amepeleka pangaboi kwa mteja. Insaf alitupa kikapu, nyanya zikabingirika barabarani. Akaukumbatia mti.

"Kata! Anza na mimi!"

"Mama Nihal, acha vituko," alisema Ramzi. "Mti unaumwa."

"Unaumwa nini? Sema! Mwanao akikunja uso, unamkata shingo?"

Watu walicheka. Ramzi hakucheka. Mkata miti alizima msumeno.

Muhandisi wa kilimo Mervat, jirani wa ghorofa ya tatu, alishuka mbio. Alifanya kazi kwenye kituo cha afya ya mimea.

"Nani amefungua jani lililojikunja?" aliuliza.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mmepuliza dawa, mmekata mti, na hakuna aliyefungua hata jani moja?"

Alichuma jani changa lililojikunja katikati kama ganda la maharage. Akalifungua taratibu. Ndani, vijidudu vyembamba vyeusi vilitembea kati ya mayai meupe.

"Hawa ni vithiripi. Hufyonza jani likiwa laini, nalo hujikunja. Wao hukaa ndani kama wamefunga mlango. Ndiyo maana dawa haikuwafikia. Ila iliwaua wadudu wazuri wanaowala."

"Si kiu, dada?" Insaf aliuliza.

"Mti wenye kiu hunyauka hata majani makubwa, na kingo hukauka. Haya makubwa ni mazima, tazama. Kama ni vidukari, ungeona utomvu unaonata na sisimizi wakipanda. Kama ni dawa ya kuua magugu imerushwa na upepo, majani yangepinda ovyo na kuwa membamba, na mimea mingine ya jirani ingeharibika pia."

"Je, mti utakufa?"

"Vithiripi hawaui mti mkubwa kama huu. Msumeno ndio unaoua."

Insaf aliutazama mti uliolala. Machozi ya hasira yalimtoka.

"Basi huu umeuawa bure! Bwana mwenyekiti, hukuuliza hata mtu mmoja!"

Ramzi alimwashiria mkata miti aondoke.

Jioni ile Mervat aliwaonyesha Insaf na mumewe kazi ya kufanya. Walikata ncha zenye majani yaliyojikunja, wakazitia ndani ya mifuko na kuifunga kabisa. Hawakuacha hata jani moja chini. Majani mapya yalipochipua, waliyapulizia maji yenye sabuni laini kidogo, juu na chini, jua likishazama. Walirudia kila walipoona jani jipya linaanza kujikunja. Walimwagilia mashina maji mengi.

"Na mwambieni Ramzi aache kumleta mtu wa kupunguza matawi kila wiki," Mervat alisema. "Kila mkikata, machipukizi laini hutoka. Hicho ndicho chakula chao."

"Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia!" alisema Insaf.

Kiangazi kilipofika, majani mapya yalifunguka bapa, ya kijani yanayong'aa. Hapa na pale moja lilijikunja. Insaf alilichuma palepale. Wateja walirudi. Wagih alining'iniza mapangaboi kwenye matawi, akayajaribu mbele yao. Wapangaji nao walikubaliana: mti hauguswi mpaka Mervat auone.

Mchana mmoja wa joto, Ramzi alikuja akijifuta jasho, akasimama kivulini.

"Mama Nihal, habari za hapa?"

"Nzuri," Insaf alijibu.

Salamu aliipokea. Kiti hakumpa.