Ng'ombe Hawana Mikono

Shule zilipofunguliwa Januari 1997, mvua za vuli zilikuwa bado hazijanyesha kijijini kwa akina Milembe, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Bariadi mjini. Kila siku Milembe aliamka majogoo, akafagia uwanja, akavaa katambuga za baba yake, viatu vya tairi vilivyomzidi miguu, kisha akachukua ndoo na kidumu cha lita tano. Ndoo ilikuwa ya nyumbani. Kidumu kilikuwa cha shule, kwa kuwa kila mwanafunzi alitakiwa kufika na maji, na mwalimu wa zamu aliwachapa waliochelewa na wasio na maji bila kuwatofautisha.

Zamani kijiji kilikuwa na pampu ya mkono. Ilipoharibika, fundi wa mradi wa maji alikuja na pikipiki, akaitengeneza, akaenda zake. Sasa fundi hakuja tena. Vipuri viliuzwa madukani mjini, na wanakijiji waliambiwa wajitegemee. Pampu ikabaki imesimama, mpini wake juu, na watu wakarudi kwenye mto uliokauka kuchimba visima mchangani.

Milembe alitekea kwenye kisima cha Bibi Nyanjige. Bibi huyu alikuwa mjane. Mwezi wa kumi ng'ombe wake sita walikufa kwa njaa, mmoja baada ya mwingine. Alipojaribu kumwinua yule wa mwisho asimame, ng'ombe alimwangukia, akamvunja mkono wa kulia. Mkono uliunga vibaya, na sasa haukuweza kushika hata kijiko. Alichimba kisima chake kwa mkono wa kushoto, kwa siku nne, akisaidiwa na mjukuu wake Winnie, aliyesoma darasa la tano pamoja na Milembe.

Watu walidhani angekifunga. Yeye akakizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie, akaacha mlango mwembamba na tawi moja la kuuzibia. Kisha akawaambia majirani sheria yake, nayo ilikuwa fupi: teka ndoo yako, toa kata moja ya mchanga, rudisha tawi.

Asubuhi hiyo Milembe alimkuta Winnie akitoka kisimani na ndoo kichwani.

"Tazama, katambuga za baba yako zimekuja kuteka maji, na wewe umezisindikiza!" Winnie alimtania.

"Cheka tu. Leo utachapwa wewe kwa kuchelewa."

"Mimi? Mimi nimeshamaliza. Wewe ndiye wa mwisho."

Ilikuwa kweli. Milembe alilaza tawi kando, akaingia, akateka. Maji yalijikusanya polepole, kata moja, kisha kungoja, kisha kata nyingine. Ndoo ilipojaa na kidumu kilipokaribia kujaa, alisikia kengele ya shule ikigongwa. Hakutoa kata ya mchanga. Alijitwisha ndoo, akashika kidumu, akatoka mbio. Alipofika ukingoni aligeuka, akaliona tawi limelala pale alipoliweka. Kurudi kungemchelewesha. "Kuna atakayekuja baada yangu," alijiambia, akaendelea.

Hakuja mtu. Walikuja ng'ombe.

Saa nane mchana Milembe alirudi nyumbani, akamkuta mama yake, Mama Felisita, ameketi chini amempakata Elia. Elia alikuwa na miaka miwili. Alikuwa anaharisha tangu asubuhi, macho yamemwingia ndani na midomo imekauka. Mama mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Baba alikuwa Kimali, wilayani Meatu, alikohamishia ng'ombe kutafuta malisho.

"Chumvi ninayo," mama alisema. "Sukari ipo kidogo kwenye karatasi. Lakini maji yote nimemfulia na kumwosha. Kimbia, mwanangu. Tukimkosesha maji leo, tutampoteza."

Milembe alikimbia. Alipoteremka mtoni aliona wanawake wamesimama na ndoo tupu. Uzio ulikuwa umetawanyika. Mchanga wa pembeni ulikuwa umeporomoka ndani ya kisima, na palipokuwa na maji palikuwa na tope lililochanganyika na kinyesi cha ng'ombe. Bibi Nyanjige alikuwa amechuchumaa pembeni, anatazama chini.

"Ni ng'ombe wa Mzee Mayige," alisema mama mmoja kwa hasira. "Nimewaona kwa macho yangu wakitoka hapa. Mzee yule amevunja uzio makusudi!"

"Kesho asubuhi tumwite hapahapa," mwingine akasema. "Asinyweshe tena ng'ombe upande huu. Aende nao anakojua."

Winnie alimgeukia Milembe. "Wewe ndiye uliyetoka mwisho. Tawi ulirudisha?"

Wanawake wote wakamtazama. "Nilirudisha," alisema.

Bibi Nyanjige aliinua uso, akamtazama, kisha akatazama miguu yake.

Milembe hakuweza kusimama pale. Alikwenda kwenye kisima cha Bwana Shigela, wakala wa kampuni mpya iliyonunua pamba. Kisima chake kilijengewa kwa saruji, kikawa na mfuniko wa bati na kufuli.

"Shikamoo, baba. Naomba maji kidogo. Mdogo wangu anaharisha."

"Marahaba. Pole, binti," alisema Shigela, na hakusema kwa ubaya. "Lakini tazama kule." Wanawake wenye ndoo tupu walikuwa wameanza kupanda ukingo kuelekea kwake. "Nikikupa wewe, nitawapa wote. Na mimi nina watoto, nina ng'ombe thelathini. Nenda kwa mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Milembe alirudi akilia, ndoo ikimgonga magotini. Alipopita karibu na nyumba ya Bibi Nyanjige alisikia anaitwa.

"Milembe! Njoo, mwanangu. Elia anaendeleaje?"

Hakuwa amemwambia mtu mtoni kuhusu Elia. "Umejuaje, bibi?"

"Nikitoka mtoni nimepita kwenu kumsalimu mama yako. Ingia."

Ndani ya nyumba kulikuwa na ndoo moja, ile aliyoiteka Winnie asubuhi. Maji yalifika katikati. Bibi Nyanjige aliishika kwa mkono wake mzima, akaiegemeza gotini, akamimina kwenye ndoo ya Milembe. Milembe alitazama maji yakipungua.

"Bibi, inatosha! Nanyi mtapikia nini?"

"Leo tutatafuna michembe," bibi alisema, akionyesha ungo wenye vipande vya viazi vilivyokaushwa. "Michembe haihitaji maji."

"Inahitaji meno," Winnie alinong'ona mlangoni. Hakucheka. Midomo yake nayo ilikuwa mikavu.

Bibi alibakisha maji yasiyozidi kata mbili. "Mama ayachemshe kwanza," alisema. "Nenda taratibu, usimwage."

Mama Felisita alichemsha maji, akapima lita moja, akatia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, kama muuguzi alivyowafundisha kliniki. Alimnywesha Elia kidogo kidogo. Mwanzoni mtoto alitapika. Mama akangoja, akaanza upya. Jua lilipokuwa linazama Elia alikojoa, na mama akafumba macho, akasema, "Mungu, ahsante."

Usiku Milembe alipiga magoti kando ya kitanda chake ili asali. Maneno aliyozoea hayakutoka. Kila alipoanza, aliliona tawi limelala mchangani.

Alfajiri alichukua jembe na kwenda mtoni. Alidhani atakuwa wa kwanza, lakini Bibi Nyanjige alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti juu ya mchanga, ameinamisha kichwa, anaomba. Alipomaliza alijivuta hadi kwenye shimo, akaanza kuchota tope kwa mkono wa kushoto. Kata moja. Alipumzika. Kata nyingine. Mkono wa kulia ulining'inia tu.

"Mwangaluka, bibi," Milembe alisalimia kwa sauti ndogo.

"Mwangaluka, mwanangu. Elia je?"

"Amelala vizuri. Bibi..." Machozi yalianza kabla ya maneno. "Bibi, si Mzee Mayige. Ni mimi. Sikurudisha tawi. Kengele iligongwa, nikaogopa fimbo. Jana nilidanganya."

Bibi Nyanjige aliweka kata chini. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Lile tawi lilikuwa limelazwa kando vizuri, shina lake huku, miiba kule. Ng'ombe hawana mikono, Milembe. Na pembeni yake palikuwa na alama za katambuga kubwa zenye hatua fupi. Kijijini hapa ni nani mwingine anayevaa miguu ya baba yake?"

Milembe alifunika uso. "Sasa mbona ulinipa maji?"

"Elia alifanya kosa gani?" Bibi alifuta tope kiganjani. "Ningekutaja jana, wangekufukuza kisimani. Mama yako na tumbo lile angeteka wapi? Nilisema ningoje, huenda utasema mwenyewe. Lakini usingesema, leo ningesema mimi, maana Mayige hana hatia."

"Ng'ombe wako wamekufa, bibi. Mkono umevunjika. Kwa nini unaendelea kutoa?"

"Mkono huu ulipovunjika nililia sana, nikidhani sitafaa tena kwa mtu. Halafu nikaona huu mwingine bado unachimba. Kila asubuhi namwomba Mungu maji. Akinipa, niwafungie wenzangu?" Aliinua kata. "Basi, shuka. Chimba. Wakija, utawaambia."

Wanawake walifika jua likichomoza, na Mzee Mayige alikuja nao, amekasirika, ameegemea fimbo yake. Kabla hawajaanza kumsema, Milembe alitoka shimoni, matope hadi kiunoni, akawaambia kila kitu. Alimwomba msamaha mzee, akawaomba na wao.

Mama aliyemtuhumu mzee jana aliinamisha macho.

"Na mimi jana nimemchapa dume langu bure," Mzee Mayige alisema hatimaye. "Nitamwombaje msamaha?" Mmoja alicheka, kisha wengine. Lakini mzee alimkazia macho Milembe. "Binti, walikuwa wanifukuze mtoni kwa ajili ya neno lako moja. Usisahau."

"Sitasahau, guku," alijibu, akimwita babu kwa Kisukuma.

Siku hiyo walichimba wote kwa zamu. Winnie alipokea ndoo za tope bila kumwambia Milembe neno, mpaka katambuga moja ilipozama topeni. "Acha ifie humo," alisema, "itupumzishe." Ndipo Milembe alipojua kwamba bado ni rafiki yake. Baadaye Bwana Shigela aliteremka na beleshi begani, akaingia shimoni bila kumtazama mtu usoni. Saa kumi maji masafi yalianza kuchuruzika, nao wakayaacha yajikusanye.

Milembe alipofika nyumbani na ndoo, alimweleza mama yake yote. Elia alikuwa amekaa uwanjani, dhaifu bado, anafukuza kuku kwa kijiti.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Nimeumia kwamba ulidanganya," alisema. "Nimefurahi kwamba umesema. Uliogopa fimbo mbili za mwalimu, na mdogo wako karibu afe. Sasa mtazame Bibi Nyanjige. Sisi husema tutawasaidia watu tukishapata. Yeye alikuwa na nusu ndoo, akatupa karibu yote, huku akijua ni nani aliyeharibu kisima chake. Mwanangu, usingoje uwe na vingi ndipo uwe mwema. Na mtu akikutendea hivyo, umshukuru kwa kutunza alichokupa."

Kesho yake kengele ya shule iligongwa Milembe akiwa bado kisimani. Alitoa kata moja ya mchanga, kisha akatoa nyingine. Alitoka, akaliinua tawi, akaliegemeza mlangoni, akalisukuma mpaka miiba ikashikana na miiba ya uzio. Alilivuta kuona kama limekaza. Ndipo akachukua kidumu chake, akaenda shuleni kuchapwa.