Sindano Kabla ya Ndege

Mitchelle, mtoto wa miaka sita, alikuwa akitembea kidogo, kisha akichuchumaa. Midomo ilikuwa ikigeuka zambarau. Moyo wake ulikuwa na tundu. Mama yake, Nekoye, muuza mitumba wa Soko la Toi, alizoea kusimama na kumngoja.

Mwishowe daktari alipata wafadhili. Mitchelle angepasuliwa India, na mama yake angempeleka. Ndege ilikuwa Ijumaa.

"Fyata ulimi," Wesonga alimwambia mkewe. "Majirani wa ploti wasijue. Macho ya watu ni mabaya."

Wakanyamaza. Hata Kavetsa, nesi wa mlango wa pili, hakuambiwa. Lakini jamani, mtoto utamfunga mdomo?

"Sista, Ijumaa naenda India!" Mitchelle alimwambia siku ya Jumanne.

Kavetsa akaingia kwao moja kwa moja. "Mama Mitchelle, mmechanjwa homa ya manjano?"

Nekoye akamtazama mumewe.

"Kuna mtu mjini anauza ile kadi ya chanjo," Wesonga akasema. "Iko na muhuri tayari."

"Ala! Baba Mitchelle, muhuri unaingia kwenye damu?" Kavetsa alikasirika kweli. "Ugonjwa huu unaletwa na mbu, na unaua. India hawautaki kwao. Chanjo ni mpaka siku kumi zipite ndipo ikubalike. Mkifika kabla, mtafungiwa karantini. Na mtoto wa moyo?"

Wesonga akaketi kitandani. "Na huo moyo utangoja?"

"Tumuulize daktari wake. Lakini mngeniambia mapema! Mficha uchi hazai."

Kesho yake daktari alimpima Mitchelle. Akakubali safari isogezwe mbele wiki mbili. Mama na mtoto wakadungwa sindano katika kituo cha serikali, wakapewa kadi halali.

Wiki hizo zilikuwa nzito. Kila asubuhi Nekoye aliweka mkono kifuani pa mtoto kwanza, ndipo awashe jiko.

Siku ya kuondoka, Wesonga mwenyewe alifungua mlango, akaita ploti nzima. Majirani wakajaa, wakaomba, wengine wakilia. Huko India, afisa alitazama kadi zao, akawapisha.

Mitchelle alirudi na kovu kifuani. Alipofika penye bomba la maji la ploti, aliuachilia mkono wa mama yake, akatimua mbio. Wesonga alisimama, akingoja achuchumae.

Hakuchuchumaa. Alifika mlango wa Kavetsa, akaugonga kwa mikono yote miwili.

"Sista, fungua! Nimekimbia!"