Sanduku la Kumi na Saba la Ulysse Melanson

Sanduku lilikuwa na joto.

Zélie Thériault aliirudisha mikono yake upesi. Chumba cha nyaraka cha Pointe-à-Basile kilikuwa baridi siku hiyo, theluji imefika nusu ya dirisha, naye hakuwa amevua koti tangu asubuhi. Lakini sanduku la kumi na saba lilikuwa na joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Yalikuwa makaratasi ya marehemu Ulysse Melanson, mwanahistoria na mtunza nyaraka wa kwanza wa ghuba ile ya Pointe-à-Basile. Wosia wake ulikuwa mfupi: masanduku kumi na sita yasomwe na yeyote, la kumi na saba lifungwe miaka arobaini. Miaka hiyo ilikuwa imetimia Jumatatu.

Ndani Zélie alikuta maneno ya akina mama kumi na wanne, ambao Ulysse aliwahoji akiwa kijana. Mabinti zao waliteketea mwaka 1911 katika kiwanda cha kupakia kambakoche makoponi, kiwanda cha baba yake Ulysse. Katika kitabu chake, kile kilichofundishwa shule zote za ghuba, Ulysse aliandika kwamba wasichana walichezea jiko. Mama zao walisema mengine. *Mlango ulifungwa kwa nje ili wasitoke kabla ya kazi kwisha. Tuliwasikia wakigonga.* Mmoja wao alikuwa mama yake Ozite, na Ozite, mmoja wa walioteketea, alikuwa dada yake bibi yake Zélie.

"Mwongo mkubwa wewe," Zélie alisema, machozi ya hasira yakimtoka. "Na kanisani wakakuwekea jiwe la marumaru!"

Siku nzima alinakili ushuhuda ule. Asubuhi yake akakuta nakala imepigwa mistari ya penseli nyekundu ukurasa baada ya ukurasa, na pembeni, kwa mwandiko mwembamba ulionyooka, neno moja: *Haihusiki.*

Mkuu wake, Gérald, aliutambua mwandiko wa Ulysse. "Zélie, kama ni utani, hauchekeshi."

"Nijikatie kazi yangu mwenyewe? Nina wazimu?"

Akanakili upya. Saa tisa alasiri harufu ikaingia, ya kambakoche waliochemshwa na mbao zinazoungua, ilhali viwanda vyote vya ghuba vilikuwa vimefungwa kwa majira ya baridi. Kisha hatua za viatu vya ngozi zikaja taratibu kati ya makabati, zikasimama nyuma ya kiti chake, na pumzi ikamgusa shingoni, kavu, yenye vumbi la karatasi, na penseli ikaja juu ya meza bila mkono wa kuishika, ikalifikia jina la Ozite, ikalipiga mstari, ikarudia, ikarudia, mpaka karatasi ikatoboka.

Gérald alisimama mlangoni, rangi imemtoka. "Tulirudishe sanduku," alinong'ona. "Tulifunge. Nakuomba, dada."

"Kufunga tena?" Zélie alisema. "Hamjachoka kufunga?"

Akaenda kwa shangazi yake Philomène, mwanamke ambaye ghubani huitwa mtu akiungua au damu ikikataa kukatika. Huomba, na moto hutoka mwilini. Philomène alisikiliza huku akipakua râpure, viazi vilivyokunwa na kuokwa pamoja na nyama, kutoka kwenye oveni.

"Mbona hakuyachoma hayo makaratasi?" akauliza.

"Mtunza nyaraka hachomi karatasi, shangazi. Hata ya kumwaibisha."

"Basi ameshikwa hapo hapo. Hathubutu kuchoma, hathubutu kusomewa. Kula kwanza. Kesho tunamsomea."

Alhamisi alasiri walikuja wajukuu na vitukuu wa wale mama, watu ishirini na zaidi, buti zikichuruzika theluji sakafuni. Philomène akafanya ishara ya msalaba. Zélie akasoma kwa sauti majina ya wasichana na maneno ya mama zao. Kwa jina la kwanza makabati yakatikisika; kwa la tano taa zikazimika, wakawasha tochi; kwa la tisa harufu ya moshi ikawakohoza watu na mzee mmoja akapiga magoti akilia, lakini Zélie akazidi kupaza sauti, jina kwa jina, mpaka akafika, "Ozite, miaka kumi na mitatu," na hapo kitu kikapiga kelele kwenye kona, sauti ya mzee iliyogeuka kuwa ya mtoto.

"Baba alinituma niufunge mlango! Nilikuwa na miaka tisa! Ufunguo alinipa yeye!"



"Nisameheni," sauti ikasema.

Philomène akamtazama Zélie.

"Ukiwa na miaka tisa, ningekusamehe," Zélie alisema. "Ukiwa na thelathini uliketi jikoni kwa mama zao, ukanywa chai yao, ukaandika walichosema, kisha ukawaita watoto wao wazembe. Toka. Kawaombe watoto wenyewe."

Mlango wa nje ukafunguka wenyewe. Upepo uliingia, na ndani ya upepo zikasikika nyayo nyingi nyepesi zikija mbio kutoka upande wa maji, kiwanda kiliposimama zamani. Sauti ya kona ilianza kusihi, ikapita katikati ya watu ikiburutwa, ikatoka nje, ikalia mara moja, ikanyamaza. Harufu ya moshi ikakatika.

Philomène alifunga mlango, akamshika mpwa wake mkono.

"Umemhurumia?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," Zélie alisema, akachukua kalamu, akaanza kunakili upya.